Mahali pa kikao ni sehemu ya biashara yenyewe

VIKUNDI vingi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo katika wilaya za Korogwe na Handeni hutumia siku kadhaa kupanga ajenda ya kikao, lakini hutumia dakika mbili tu kuchagua mahali pa kukaa. Katibu humpigia simu mwenyekiti, mwenyekiti hujibu "tukutane pale pale", na taarifa husambazwa. Siku ikifika, nusu ya wanachama hawaonekani, waliofika wanashindana na muziki wa baa ya jirani, na mnunuzi aliyealikwa kuzungumzia bei anaangalia saa kila baada ya dakika tano. Kikao kinaahirishwa, mazao yanabaki stoo, na nauli iliyolipwa hairudi.

Hasara ya namna hiyo huwa haiandikwi kwenye daftari la mweka hazina, lakini ipo. Makala haya yanaeleza jinsi kikundi kidogo kinavyoweza kuchagua mahali pa kikao cha biashara, kwa kuangalia mfano wa Old Korogwe, eneo ambalo watu wa pande zote mbili wanalifahamu.

Jambo la msingi ni moja. Mahali pa kikao huamua nani atafika, nani atathubutu kusema, na kama mtakachokubaliana kitaonekana kwa macho ya wote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukumbi upi ni mzuri, jiulizeni kikao hiki ni cha nani na kinafanya kazi gani.

Kwa nini Old Korogwe

Old Korogwe ni kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe, katika eneo la Mto Pangani, ambao sehemu hizi huitwa pia Ruvu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka Pangani pwani kwenda bara ilifuata bonde la mto huu, na Korogwe ilikuwa moja ya vituo vyake. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Baadaye likaja gari, na leo barabara kuu inayotoka Segera kwenda Moshi na Arusha hukutana hapa Korogwe na barabara inayotoka Handeni.

Barabara hiyo ya Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita 65, na ya kutoka Handeni hadi Mkata ina kilomita 54. Zote mbili zilikuwa za vumbi kwa miaka mingi kabla ya kuwekwa lami. Nani asiyekumbuka adha ya safari hiyo wakati wa masika? Lami imebadilisha hesabu. Mkulima wa mahindi au ufuta wa upande wa Sindeni au Misima anaweza kufika Korogwe, akakaa kikao na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mnunuzi anayetoka Tanga, Moshi au Dar es Salaam naye hushuka kwenye basi bila kuhitaji usafiri mwingine wa mbali.

Ndiyo maana Korogwe imekuwa mahali panapotajwa haraka mtu anapoitisha kikao cha watu wa wilaya mbili. Hata hivyo, kuwa katikati kwenye ramani si sawa na kuwa katikati ya wanachama. Hapo ndipo hesabu inapotakiwa.

Anza na nauli, si na ukumbi

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima 20 wa ufuta. Tuseme wanachama 14 wanaishi vijijini upande wa Handeni, na sita wanaishi Old Korogwe na mitaa ya jirani. Tuseme pia nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na bodaboda, ni Sh8,000 kwa mtu mmoja.

Kikao kikifanyika Old Korogwe, watu 14 watalipa nauli, jumla Sh112,000. Kikifanyika kijijini, watu sita ndio watakaosafiri, jumla Sh48,000. Tofauti ni Sh64,000. Hata kama Old Korogwe mmepewa ukumbi wa bure, na kijijini mtakodi viti na turubai kwa Sh20,000, bado kijijini ni nafuu kwa Sh44,000.

Mara nyingi kikundi hakioni hasara hii kwa sababu kila mtu analipa nauli yake mfukoni. Lakini mwanachama anaiona. Ndiyo maana kikao cha kwanza huwa na watu 20, cha pili 13, na cha tatu wanabaki viongozi na wale wanaoishi karibu. Baada ya hapo watu huanza kulalamika kwamba wanachama hawana moyo wa kikundi, wakati ukweli ni kwamba hawana nauli.

Kwa vyama vya ushirika jambo hili ni zito zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Mahali ambapo nusu ya wanachama hawawezi kufika huhamisha mamlaka hayo kimya kimya na kuyaweka mikononi mwa wachache. Hakuna aliyepiga kura ya kuwaondoa wenzao, ila nauli imewaondoa.

Wakati mwingine safari ya Korogwe haiepukiki, kwa mfano mnapotakiwa kwenda benki, kuona ghala la mnunuzi au kusaini mkataba. Katika hali hiyo si lazima watu 20 wasafiri. Kaeni kwanza kijijini, wote, mkubaliane bei ya chini ambayo hamtaishuka, kiasi cha magunia mtakachouza na siku ya malipo. Kisha watumeni wajumbe wanne, nauli Sh32,000, wakiwa na muhtasari uliosainiwa. Mjumbe asiye na maandishi mkononi hubabaishwa kwa urahisi.

Na yapo mambo ambayo hayahitaji kikao kabisa. Kutangaza bei ya wiki au kukumbusha marejesho ya mkopo ni kazi ya simu. Kuwakusanya watu kwa ajili ya kuwasomea ujumbe ni kupoteza siku ya palizi.

Mnakaa kwenye uwanja wa nani?

Jambo la pili ni mwenye mahali. Wakulima wengi wamezoea kukutana na mnunuzi kwenye stoo yake. Mnunuzi huwakaribisha vizuri, hutoa soda na kuwapa magunia ya kukalia. Lakini mzani ni wake, kikokotoo ni chake, na vijana wanaopakia ni wake. Mkulima aliyekwisha kunywa soda ya mtu, akiwa chini ya paa la mtu, huona haya kusema bei hiyo haifai. Ukarimu si kosa, tena mgeni njoo mwenyeji apone. Tatizo ni kwamba siku ya bei mwenyeji anakuwa mnunuzi, ninyi mnakuwa wageni.

Kikao cha bei kifanyike mahali ambapo mkulima anaweza kusimama na kuondoka bila kuomba ruhusa. Panaweza kuwa ofisi ya kijiji, darasa la shule siku ya Jumamosi, au ghala la chama ambamo mazao yenyewe yamehifadhiwa. Mnunuzi makini hatakataa kuja, kwa sababu naye anataka kuona mali kabla ya kutoa fedha.

Kuna nyumba ya mwenyekiti pia. Vikundi vingi huanzia sebuleni au uwanjani kwa mwenyekiti kwa sababu ni bure na viti vipo. Kwa miezi ya mwanzo hakuna ubaya. Lakini siku itakapobidi kumuuliza mwenyekiti kuhusu mapato na matumizi, nani atauliza akiwa ameketi kwenye kiti chake huku mke wake akimimina chai? Kikundi kinachotaka hesabu za wazi kitafute mahali ambapo hakuna kiongozi aliye mwenyeji. Kama hilo haliwezekani, basi kikao kizunguke nyumba kwa nyumba kwa zamu.

Baa na gesti zenye ukumbi zina faida zake, zikiwemo viti, umeme na choo. Hata hivyo, katika maeneo yetu yenye Waislamu wengi, wapo wazee na akina mama wasioweza kukaa mahali penye pombe, na hawatasema sababu. Watasema tu wana msiba au mtoto anaumwa. Ukiona akina mama wa kikundi wanapungua, tazama kwanza mahali mnapokaa na saa mnayomaliza, kabla ya kulaumu ndoa zao. Mama mwenye mtoto mgongoni anayetakiwa kurudi kijijini hawezi kusubiri mengineyo ya saa 12 jioni.

Kazi ya kikao ndiyo inayochagua chumba

Baada ya kujua nani anatakiwa kufika, ulizeni kikao kinafanya kazi gani. Vikao havifanani.

Kikao cha kuhesabu fedha, kama cha VICOBA au kikundi cha kuweka na kukopa, kinahitaji mahali ambapo kila mtu anaona sanduku. Utaratibu wa sanduku lenye kufuli tatu, na funguo kushikwa na watu watatu tofauti, unalenga uwazi. Uwazi huo hupotea kama watu wamekaa mistari kama darasani na fedha zinahesabiwa mbele kabisa. Kaeni duara. Chumba kiwe na nafasi ya duara la watu wote, kisiwe na dirisha linalotazama kijiweni, na kiwe mahali ambapo wapita njia hawawezi kujua siku ya mgao. Siku hiyo, malipo makubwa yapitishwe kwenye simu au benki inapowezekana, na kikao kimalizike mchana.

Kikao cha ubora na vipimo kinahitaji mali na mzani. Ugomvi wa lumbesa hauwezi kumalizwa kwenye meza ya mgahawa. Kaeni ghalani, gunia liwepo, mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo uwepo, na kila mtu aone kilo zinavyosomeka. Dakika 10 za kupima gunia moja mbele ya pande zote mbili huokoa masaa mawili ya maneno.

Kikao cha watu watatu au wanne, kama cha wabia wa duka au cha mwenye mashine na fundi, hakihitaji ukumbi. Meza ya pembeni kwenye mgahawa tulivu, kabla ya saa ya chakula cha mchana, inatosha. Nunueni chai, muwe wastaarabu, na muondoke kabla wateja wa wali hawajafika. Lakini msitaje takwimu za mtaji kwa sauti, kwa sababu mgahawani kila mtu anakula na kila mtu anasikia.

Kikao cha kusaini mkataba kinahitaji meza, mwanga, utulivu, na mtu wa kuusoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma vizuri. Ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji inafaa, kwa kuwa shahidi na mhuri havipo mbali. Hata kama mnakaa mahali pengine, kumjulisha mwenyekiti wa mtaa au mtendaji kwamba kuna kikao ni adabu nzuri na huondoa maswali.

Chini ya mwembe si aibu

Vijana wengine huona aibu kumwita mgeni chini ya mti. Historia ya biashara haiwaungi mkono. Tarehe 17 Mei 1792, madalali 24 wa hisa walitia saini mapatano yao mtaa wa Wall Street mjini New York, na masimulizi yanasema walikuwa wakikutania chini ya mti uliokuwa hapo. Mapatano hayo ndiyo chimbuko la soko la hisa la New York. Baadaye walihamia kwenye mgahawa wa kahawa, kisha kwenye majengo makubwa. Huko London, katika miaka ya 1680, Edward Lloyd alikuwa na mgahawa wa kahawa ambako wenye meli, manahodha na wafanyabiashara walikutana kupeana habari za bahari. Kutokana na meza hizo likazaliwa soko la bima la Lloyd's.

Wote hao walichagua mahali palipo karibu na kazi yao, ambapo watu wanaohitajiana walikuwa wakipita tayari. Jengo lilifuata biashara ilipokua. Na kwetu pwani neno baraza lenyewe linatosha kutukumbusha, kwani ni kibao cha mbele ya nyumba, tena ni mkutano wa kuamua mambo.

Mwembe una faida ya hewa, duara na bei ya bure. Ubaya wake ni mvua, upepo unaopeperusha karatasi, na watoto wanaokusanyika kutazama. Kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli, kuwe na mahali pa akiba palipotajwa kwenye taarifa yenyewe, ili mvua ikianza watu wasitawanyike.

Na msidhani kila paa ni salama. Jengo la bati lisilo na dari huwa halisikiki kitu mvua ikinyesha, hata mzungumzaji apige kelele namna gani. Mchana wa jua bati hilo hilo hugeuka tanuri. Kama hakuna dari, kaeni asubuhi.

"Bure" igharimuni kwanza

Mwenye mgahawa au gesti anaweza kuwaambia ukumbi ni bure mradi mle kwake. Fanyeni hesabu. Tuseme sahani ni Sh4,000. Watu 20 ni Sh80,000. Mahali pengine ukumbi unakodishwa Sh30,000, na mama lishe yuko tayari kuleta chai na maandazi kwa Sh1,000 kwa mtu, yaani Sh20,000. Jumla ni Sh50,000. Ukumbi wa kulipia umekuwa nafuu kuliko wa bure kwa Sh30,000. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni za kwenu.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mtu mmoja aende akaone mahali penyewe, tena siku na saa ile ile ambayo kikao kitafanyika. Ukumbi uliotulia Jumanne asubuhi unaweza kuwa na harusi Jumamosi. Akifika, asisimame mlangoni. Aketi kiti cha nyuma, asikilize kama sauti ya mbele inafika na kama malori ya barabara kuu yanaifunika. Ahesabu viti badala ya kukubali neno "vipo vya kutosha". Aingie chooni. Aangalie kama mzee mwenye fimbo ataweza kupanda ngazi. Aulize umeme ukikatika inakuwaje, ufunguo unakaa kwa nani, na muda ukizidi nusu saa kuna malipo gani.

Mkikubaliana, andikeni tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na jinsi fedha zitakavyorudi kikao kikiahirishwa. Chukueni risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha ya ukumbi nayo ni mali.

Siku na saa ni nusu ya mahali

Mahali pazuri siku mbaya ni mahali pabaya. Siku ya gulio wakulima huja mjini kwa shughuli zao, hivyo nauli ya kikao inakuwa haiongezeki. Lakini wachuuzi hawawezi kuacha meza zao siku hiyo. Kikundi cha wakulima kinaweza kufaidika na siku ya gulio, ila kikundi cha wachuuzi kichague siku nyingine. Ijumaa kikao kimalizike mapema watu wawahi msikitini, na Jumapili kisianze kabla waumini hawajatoka kanisani. Mwezi wa Ramadhani kaeni asubuhi, na bajeti ya chai iwekwe akiba.

Taarifa itaje mahali kwa namna ambayo mgeni hatapotea. Kuandika "Old Korogwe" pekee hakutoshi, kwa sababu ni kata nzima. Taja alama inayojulikana, kituo cha kushuka, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea wageni. Saa ya kumaliza ina umuhimu kwa mtu anayewahi gari la mwisho la kurudi Handeni.

Mwisho wa kikao, kabla watu hawajainuka, katibu aulize swali moja na kuandika jibu kwenye muhtasari: nani hakufika, na je, ni kwa sababu ya mahali? Majina yale yale yakijirudia vikao viwili mfululizo, kikao cha tatu kihamie karibu na watu hao. Gharama yake ni nauli ya viongozi, na faida yake ni kwamba bei mtakayoipitisha itakuwa bei ya kikundi kizima, ambayo mnunuzi hataweza kuivunja kwa kumfuata mmoja mmoja shambani kwake.